Historia ya Mzee Celestini Nshimiyimana, na Neno Lililotupeleka Bondeni

Baba Paroko, viongozi wetu, wazee wa Mugasenyi, ndugu zetu wa Rusenga, na waombolezaji wote mlioacha mashamba siku ya mvua kama hii, wakubwa shikamooni, na wote poleni kwa msiba. Mimi naitwa Idi, muuza vitambaa wa Biharamulo mjini, mtoto wa Bi Mwatumu, mume wa Diane, na kwa hiyo mkwe wa mzee huyu aliyelala mbele yetu, na nimesimama hapa na karatasi ambazo si zangu, kusoma historia ambayo, kusema kweli, sijui imekaaje.

Kwa desturi kazi hii ilikuwa ya Juvenali, mtoto wa kwanza, lakini tangu Jumapili watoto wa marehemu wameandika historia tatu, ya Juvenali, ya Diane na ya Wema, zinafanana kuanzia kuzaliwa mpaka majina ya wajukuu, isipokuwa zikifika mwezi Oktoba mwaka 2011 kila moja inashika njia yake, na baada ya kikao cha familia ambacho majirani mlikisikia bila kualikwa, ikaamuliwa nisome mimi, kwa sababu Kiswahili changu ni cha nyumbani na Kirundi sikijui, hivyo nisingeweza kuelemea upande wowote. Mama mkwe wangu, Mama Kaneza, aliufunga mjadala kwa kusema, "Asome Idi, yeye hana la kuficha kwa sababu hana anachokijua." Nilishukuru kwa heshima hiyo.

Lipo na jambo la pili, nalo nalisema wazi ili anayetoka mbali asipotee. Mama Rozalia wa Rusenga, mjane wa marehemu Niyibizi aliyekufa bondeni mwaka huo wa 2011, alituletea ujumbe juzi kwamba anakuja na watu wake kusikiliza, na kwamba tukiuruka mwaka ule, au tukisema ulikuwa ugomvi mdogo, atainuka na watu wake waende zao, nasi tumzike wenyewe. Tangu mwaka ule watu wa Rusenga hawajashika jembe katika maziko ya Mugasenyi, wala sisi hatujashika kwao, na mtu aliyekuwa diwani kuzikwa na upande mmoja wa bonde ni aibu ambayo mama mkwe wangu hataki kufa nayo. Mama Rozalia yupo, amekaa kiti cha mbele, kwa hiyo nitasoma nikimtazama.

Marehemu Celestini Nshimiyimana alizaliwa tarehe 4 Juni 1955, akiwa mtoto wa tatu wa Mama Nimpaye, katika kitongoji kilicho nyuma ya Kabanga, upande huu wa mpaka wa Burundi, kwa mujibu wa cheti chake cha ubatizo, ingawa Mama Nimpaye mwenyewe, nilipokwenda kumsalimu nikiwa mkwe mpya, aliniambia kwa kupitia Diane kwamba siku ile alikuwa amevuka kwenda kumuuguza dada yake, na uchungu ulimkuta huko huko, au ulimkuta njiani akirudi, hakumbuki vizuri, maana siku hizo hapakuwa na kizuizi wala mtu wa kukuuliza unatoka wapi. Juvenali ameniomba nisome cheti tu. Nimekisoma, na maneno ya bibi nimeyasema, Juvenali atanisamehe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 huko huko wilayani Ngara, akamaliza darasa la saba mwaka 1970, akiwa wa pili katika darasa lake, katika siku ambazo mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kipande cha ubao shingoni mpaka amnase mwenzake amkabidhi, na marehemu alikuwa akijisifu kwamba alikivaa mara moja tu, akaapa hatakivaa tena, na hakukivaa. Diane ameniambia nisisome hapo kwa kucheka. Mimi sicheki, ila nakiri kwamba sijui kama hiyo ni sifa au ni ugonjwa ulioanzia hapo.

Kazi yake ya kwanza, ambayo vijana wengi hapa hamuijui, ilikuwa ukalimani, kwa sababu mwaka 1972, alipokuwa na miaka kumi na saba, watu walimiminika Kabanga kutoka Burundi, na maofisa waliotumwa kuwapokea hawakuwa na lugha ya kuwauliza hata majina, wakamchukua yeye, akakaa nao msimu mzima, akisikiliza upande huu na kusema upande ule, na alisifiwa kwa tabia moja, kwamba alikuwa hatoi neno mpaka amemrudia mwenyewe akamuuliza, umesema hivi au umesema vile? Mama Kaneza anasema ndipo alipompendea, maana naye alikuwa kwenye mstari akingojea kuandikwa, na kijana huyo alimuuliza jina lake mara tatu, ingawa Mama anaamini mara mbili za mwisho hazikuwa za kazi.

Baada ya hapo aliajiriwa kuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, wilayani Ngara, kuanzia mwaka 1974 hadi 1983, na tarehe 15 Julai 1978 alifunga ndoa takatifu na Mama Kaneza, wakajaliwa watoto watatu, Juvenali, Diane na Wema, na mwaka 1983, ardhi ya Ngara ilipowabana, wakahamia hapa Mugasenyi, wilaya ya Biharamulo, njia ya kwenda Nyantakara, wakafyeka pori na kupanda migomba hii mnayoegemea. Mwaka 2007 Diane aliolewa nami, ndoa ya bomani, kwa sababu paroko na shehe kila mmoja alikuwa na masharti yake, na nakumbuka siku ya mahari baba mkwe alizungumza na wazee wangu Kiswahili kilichonyooka hata mama yangu akanong'ona kwamba tumepata mkwe wa Pangani.

Kiswahili hicho, ndugu zangu, kilimgharimu. Mwaka 2000 marehemu aligombea udiwani wa kata yetu akashindwa, na sababu zilikuwa mbili, ya kwanza ni kwamba jukwaani alisema, "Naomba kula zenu," akimaanisha kura, watu wakacheka wakamletea ndizi, na ya pili, ambayo haikuchekesha, ni kwamba wapinzani wake walimtangaza kuwa ni Mrundi aliyejiandikisha, akaitwa mara nyingi kwenda kujieleza na cheti chake cha ubatizo mkononi, akakutwa hana tatizo, lakini neno lilikuwa limeshatembea. Kuanzia hapo akaacha Kirundi. Alikiacha sokoni, akakiacha kanisani, akawa anamwamkia mama yake mzazi kwa Kiswahili watu wakiwepo, na Mama Nimpaye akawa hamwitikii, anamtazama tu kama mtu aliyekosea nyumba. Diane, wakati huo binti mkubwa, alimfundisha kutenganisha kura na kula kila asubuhi wakati wa kukamua ng'ombe, na mwaka 2005 akashinda, mwaka 2010 akashinda tena, na katika uongozi wake vilichimbwa visima vya Mugasenyi na kujengwa madarasa ambayo watoto wenu wanasomea mpaka leo.

Sasa nimefika mwaka 2011. Naona Mama Rozalia ameweka mkoba wake chini.

Bonde lenyewe mnalijua, liko kati ya Mugasenyi yetu na Rusenga ya kata ya jirani, ambako wengi husema Kirundi, lina unyevu mwaka mzima, kila kijiji kinasema ni lake, na baraza la ardhi lilikuwa bado halijatoa uamuzi, na mwezi Septemba mwaka ule mahindi ya watu wetu yalifyekwa na asiyejulikana, kijana wa Rusenga akapigwa akapasuliwa kichwa na wasiojulikana, na kila nyumba, huku na kule, ikawa inalala na panga chini ya kitanda. Siku ya Jumatano, tarehe 19 Oktoba, mchana, Bwana Ndikuriyo wa hapa kijijini, Mungu amrehemu naye, aliyekuwa ametoka kunywa pombe ya ndizi kwa shemeji zake huko Rusenga, alifika ofisi ya kata akihema, akasema kwa Kirundi, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, kwamba amewasikia watu wa Rusenga wakiambiana, "Ejo tuzotera mu mwonga, twese." Aliyempokea mlangoni ni mgambo wa kata, Jean Paul, ambaye yuko hapa na ndiye aliyesimamia kaburi hili, akaingia ndani ambako kamati ya ulinzi na usalama ilikuwa imekaa, akasimama wima akaripoti kwa Kiswahili, "Waheshimiwa, kesho Rusenga watatushambulia bondeni, wote."

Hapo nisaidieni, kama mlivyonisaidia jana na juzi mpaka kichwa kikaniuma. Nimeelezwa kwamba gutera, lililozaa hiyo tuzotera, ni kushambulia, na gutera hiyo hiyo ni kupanda, kupanda mihogo, kupanda migomba, kupanda miti, na kwamba mtu akisema tuzotera bila kutaja kitu, anayesikiliza anamalizia mwenyewe kwa kile alichonacho moyoni. Nilimuuliza Jean Paul, tukiwa tumesimama na sepetu, kwa nini hakufikiri kupanda, na hakukasirika, alisema, "Shemeji, mimi nilivuka mpaka mwaka tisini na nne nikiwa mtoto, nikalelewa kambini. Neno hilo kwetu lilikuwa na kazi moja tu. Sikuwahi kulisikia likitumika shambani, kwa sababu shamba hatukuwa nalo."

Ndani ya kikao, nasimulia kama nilivyosimuliwa na waliokuwemo, wapo waliosema polisi waitwe kwanza, wapo waliosema atumwe mtu Rusenga akaulize, na Mzee Sabiti, aliyekuwa kamanda wa sungusungu, alisema tukiwasubiri watatukuta vitandani, kisha wote wakamtazama diwani, na mtu mmoja, ambaye hakuna anayekubali kwamba ni yeye, akasema chini kwa chini, "Ataamua nini, hao si ndugu zake?" Ndikuriyo alikuwa amekaa kwenye benchi pale nje, hatua chache tu, na lugha aliyoizungumza ni ile ambayo marehemu alibembelezewa nayo mgongoni kwa mama yake, angeweza kutoka akamuuliza, wamesema hivi au wamesema vile, kama alivyowauliza maelfu ya watu pale Kabanga, lakini kutoka nje kuzungumza Kirundi mbele ya kamati, saa ile, na neno lile limeshasemwa, hakuweza. Akasema kwa Kiswahili safi, "Tusisubiri. Alfajiri watu wetu wawe bondeni kabla yao."

Alhamisi tarehe 20 Oktoba, ukungu ukiwa haujainuka, watu wa Mugasenyi walikuwa wamejipanga kwenye matete, na watu wa Rusenga wakateremka kweli, wote, kama Ndikuriyo alivyosema, wanaume mbele na wanawake nyuma, wamejitwika matita ya miti ya mihogo ya kupanda, wana majembe, na wana mapanga, kwa sababu miti ya mihogo hukatwa kwa panga, au kwa sababu nyingine, hapo kila mtu ana jibu lake. Hakuna ajuaye nani alianza kurusha. Niyibizi aliangushwa wa kwanza, akafa pale pale, mzigo wake wa mihogo ukiwa juu yake, watu wetu watatu wakakatwa vibaya, na kabla ya jua kupanda nyumba za Rusenga zilizokuwa karibu na bonde zilikuwa zinawaka. Mimi nilikuwa dukani mjini nikaona pikapu inapita kwenda hospitali ikiwa imebeba majeruhi wa pande zote mbili, wamelaliana, na sikujua kwamba ni habari ya nyumbani kwangu.

Mwezi Novemba iliundwa kamati ya uchunguzi, ikakaa katika darasa la shule ya kijiji, ikamwita Ndikuriyo arudie maneno yake kama alivyoyasikia, na mkalimani aliyeletwa kutoka Kabanga akatafsiri, "Kesho tutapanda bondeni, sote." Jean Paul akainuka bila ruhusa akasema, "Hapana, ni tutashambulia," mkalimani akamsikiliza, akafikiri, akawaambia wakubwa, "Hata hivyo inawezekana." Ndipo mwenyekiti wa kamati akamgeukia marehemu akamuuliza, "Mheshimiwa diwani, wewe neno hili unalijua?" Marehemu akajibu, "Kirundi sikijui vizuri, Mheshimiwa, nimekulia kwenye Kiswahili." Diane alikuwa amesimama dirishani na mtoto wetu mgongoni, akasikia, akarudi mjini jioni ile hakunisemesha, na yeye hakumsemesha baba yake mwaka mzima.

Kamati iliandika kwamba viongozi waliamua kwa kutegemea taarifa iliyokuwepo wakati huo, na hakuna aliyeshitakiwa.

Sasa nawasomea watoto wanavyosema, kila mmoja sentensi yake, kwa sababu nimeshindwa kuchagua. Juvenali ameandika, "Marehemu aliiongoza kata katika kipindi kigumu cha mgogoro wa ardhi, akahakikisha usalama wa wananchi wake." Wema ameandika, "Baba aliamua kwa taarifa aliyoletewa, na yeyote kati yenu angeletewa taarifa hiyo angeamua vile vile." Diane, mke wangu, ameandika, "Baba aliwapeleka watu kupigana kwa neno ambalo angeweza kuliuliza kwa lugha ya mama yake, akaona aibu." Nimezisoma sentensi hizi kwa siku tatu, nikisoma ya Wema namwona Wema ana haki, maana mimi pia nikiambiwa kesho wanakuja na mapanga sitaanza kuuliza sarufi, nikisoma ya Diane nashindwa kumtazama usoni, nikirudi kwa Juvenali namwelewa, ni mtoto anayetaka kumfunika baba yake. Na Mzee Sabiti, naona anatikisa kichwa pale, ngoja nami nimsemee, yeye aliniambia jana kwamba taarifa haikuwa na kosa lolote, kwa sababu bonde lenye kesi ukishalipanda umeshaliteka, kwa hiyo kupanda kule ndiko kushambulia, na neno lilitafsiriwa sawasawa. Nikamuuliza, na Niyibizi? Akaomba tumbaku.

Marehemu alimaliza kipindi chake na mwaka 2015 hakugombea. Alituma wazee Rusenga kuomba msamaha, akatuma tena, mara ya tatu akaenda mwenyewe, na kila mara Mama Rozalia aliwapa kiti na maji ya kunywa, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza, bila kusema nimesamehe wala sijasamehe. Hilo lilimmaliza. Watu wa hapa walimwambia alifanya vizuri, serikali ilimwambia taarifa ndiyo ilikuwa mbovu, binti yake alimwambia alikosea, na yule mmoja ambaye hukumu ilikuwa yake hakusema kitu. Siku moja alikuja dukani kwangu, akakaa juu ya robota la khanga, akaniuliza, "Mkwe, mtu akiamua vibaya kwa kuletewa habari mbaya, kosa ni la habari au ni la masikio?" Nikamwambia, baba, mimi nauza vitambaa. Alicheka, lakini hakuwa amekuja kuchekeshwa, na mimi niliona hivyo, nikaendelea kupima kitambaa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2019, na mwezi Februari 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya Biharamulo, kisha akapelekwa Mwanza, akarudi akiwa na nafuu ya mkono na mguu, lakini Kiswahili kilikuwa kimeondoka chote. Chote, ndugu zangu. Madaktari walieleza kwamba hutokea, lugha ya baadaye ikafutika na ile ya mwanzo ikabaki, na mtu ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini hakutaka kusikika akisema Kirundi akawa hana kingine cha kusema, anaomba maji kwa Kirundi, anasali kwa Kirundi, na mimi niliyemzoea kwa Kiswahili nikawa nakaa kando ya kitanda chake naitikia ndiyo baba, ndiyo baba, bila kujua nimekubali nini. Kulikuwa na maneno aliyoyarudia kila siku, "Bavuze ngo iki?" Wauguzi walidhani anauliza madaktari wamesema nini, wakawa wanamweleza habari za vipimo, naye anatikisa kichwa. Diane alinitafsiria, "Walisema nini?" Nikamuuliza, akina nani? Akasema, "Hasemi." Hatujui mpaka leo, labda ni madaktari kweli, labda ni wapiga kura, labda ni watu wa Rusenga, na Diane, ambaye alikuwa amerudi kumlisha kwa mkono wake, alikuwa akitoka nje kulia kila akiyasikia.

Marehemu aliaga dunia Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, nyumbani kwake hapa Mugasenyi, ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na neno ambalo hatujui tuliweke wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Biharamulo na wa Mwanza, waliomhudumia kwa uvumilivu mgonjwa ambaye hawakuwa wakielewana naye, inawashukuru madiwani wenzake wa zamani waliosafiri kuja, jumuiya ya kanisa, majirani wa Mugasenyi mliolala hapa na kuni zenu na maharage yenu, Jean Paul na vijana wake walioshinda kaburini kwenye mvua, wafanyabiashara wenzangu wa mjini, na kwa namna ya pekee ndugu zetu wa Rusenga, ambao leo mmevuka bonde.

Hapa karatasi zote tatu zimeisha, nami nilitakiwa nikae. Juvenali, usinishike mkono, nitakaa sasa hivi. Mama Rozalia, shikamoo. Hili sikulipanga na mtu, na kama ni utovu wa adabu, lawama ni yangu peke yangu, si ya familia. Marehemu hakuuliza siku ile, kamati ilimuuliza mlevi na wakalimani, sisi tumeulizana wenyewe siku tatu tumekaribia kupigana, na wenye maneno mko hapa mmekaa. Mimi lugha yenu siijui na udiwani sigombei, kwa hiyo sina cha kuogopa. Nakuuliza mbele ya watu, mliposema tuzotera, mlisema nini, mlikuwa mnakuja kupanda au mlikuwa mnakuja kupigana? Kama hutaki kujibu, kaa tu, tutakuheshimu vile vile.

Naomba utulivu. Mzee Sabiti, tafadhali, keti. Mama amesimama, anazungumza Kirundi, Diane ananitafsiria, nami namwomba arudie kila neno kabla sijalitoa kwenye spika, na kwa ninyi wa nyuma ambao hamsikii, Mama anasema hivi:

"Marahaba, mwanangu. Niyibizi alikwenda kupanda. Mdogo wake alikwenda kupigana. Walitoka nyumba moja, nami niliwafungia viazi kwenye kitambaa kimoja. Miaka yote hii mmekuja kwangu kuomba msamaha, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza."

Basi. Mama amekaa. Hajaondoka, na watu wake wanakunja mikono ya mashati, wanaulizia majembe yako wapi. Mzee Celestini, baba mkwe wangu, walichosema ndicho hicho, hakikuhukumu na hakikusafishi, lakini kimetoka kwa mwenyewe, nenda nacho, na ulale kwa amani kadiri kitakavyokuruhusu.